Moshi wa Jirani: Chumba cha Kupanga, Kutoka Pwani Hadi Maore

Kamusi zimeliweka neno moshi katika ngeli moja na mti na mto, na kwa hivyo zimelipa wingi wake: mioshi. Wingi huo umebaki kamusini. Watu husema miti, husema mito, husema hata mioto. Mioshi haimo vinywani mwao. Yumkini wasemaji walikuwa na sababu. Mafiga yakiwashwa mahali pawili katika ua mmoja, mioto ni miwili na wenyewe ni wawili, kila mmoja akiujua wake; lakini moshi ukishapanda juu ya ukuta huwa mmoja, wala hakuna awezaye kusema kwa yakini sehemu gani ni ya nani. Hapo ndipo taabu inapoanza kwa mtu aliyepanga chumba cha tatu mkono wa kushoto, ambaye hakuwasha moto wowote, hakukaribishwa kwenye chungu kinachochemka, na mwanawe anakohoa tangu alasiri.

Taabu hiyo ni ndogo kwa kuitazama, na wanahistoria wameipita kando. Hata hivyo ina historia yake, na historia hiyo ni ya nyumba zaidi kuliko ya moto. Mahali pazuri pa kuifuatia ni Maore, kata ya wilaya ya Same katika mkoa wa Kilimanjaro, iliyolala chini ya milima ya Upare Kusini kwa upande wa mashariki, katika nchi ya Gonja. Nyuma yake milima hupanda hadi kilele cha Shengena, mita 2,462 juu ya usawa wa bahari. Mbele yake ni mbuga kavu ya Mkomazi. Msomaji wa visiwani akiifuata njia itokayo Same mjini atapita kwanza mahali paitwapo Kisiwani, atatazama huku na huku, na bahari hataiona. Mchana, jua likiipasha miteremko, hewa hupanda kuelekea mlimani. Usiku, mlima ukishapoa, hewa nzito hushuka polepole na kutandaa tambarare. Moshi wa chajio cha Maore hauna basi pa kukimbilia. Hukaa chini, hutembea baina ya nyumba na nyumba, na penye mwanya huingia.

Juu milimani, kwa wazee wa Wapare, ambao kwa lugha yao ya Chasu hujiita Vaasu, moshi haukuwa mgeni wala adui. Nyumba ya kale ilikuwa ya msonge, imeezekwa kwa nyasi, haina dirisha, na meko yake yalikuwa ndani. Moshi ulijaa, ukapanda, ukachuja katikati ya nyasi na kutoka taratibu, hata mtu aliye mbali aliweza kudhani kuwa paa zima linapumua. Katika safari hiyo ulifanya kazi. Ulikausha mahindi na maharage yaliyowekwa juu ya meko, ukawafukuza dumuzi, ukayatia masizi mapaa na nyasi zisiozeshwe na mvua wala zisiliwe na wadudu. Aliyeuvuta ndiye aliyekula kilichopikwa na ndiye aliyelala chini ya paa lililohifadhiwa nao. Macho yalimuuma, kifua kilimbana, na afya yake haikusalimika kwa kuwa moshi ni wake. Hilo lisifichwe kwa kuyapamba ya kale. Lakini hakuwa na wa kumlalamikia, kwa sababu baina ya boma moja na jingine palikuwa na migomba, na migomba ilikuwa na upana wa kutosha kuumaliza moshi kabla haujafika kwa mtu mwingine.

Wapare hawakuwa watu wasiojua kutunga kanuni za ujirani. Kinyume chake: katika maji walitunga kanuni ambazo wataalamu wa kilimo huzisoma hadi leo. Walichimba mabwawa madogo yaitwayo ndiva, yakikinga maji ya kijito usiku kucha, yakafunguliwa mchana kwa zamu, kila shamba na saa yake. Mfereji ulipoziba, uliitishwa msaragambo, kazi ya pamoja ambayo jina lake limevuka Upare na kuingia katika Kiswahili cha Tanzania nzima, na asiyetokea alitozwa. Maji yalikuwa na baraza lake, mlinzi wake na adhabu yake. Moshi haukuwa na hata kimoja katika hivyo. Maji yalikuwa machache na kila mtu aliyataka. Moshi ulikuwa salio la moto, nao ulimalizikia kwa mwenyewe. Kanuni hutungwa pale ambapo kitu cha mmoja kinamfikia mwingine, na katika boma la mlimani moshi haukumfikia mtu.

Pwani mambo yalikuwa mengine, kwa kuwa pwani watu waliishi karibu karibu tangu zamani. Katika nyumba za mawe za miji ya Waswahili, wenye uwezo waliliweka jiko juu kabisa, chini ya paa la makuti, ili moshi uwe mali ya anga na wala usishuke vyumbani. Katika nyumba za udongo, jiko lilikuwa uani, nyuma, mbali na baraza ya wageni. Na pwani ndiko Kiswahili kilikopata vitenzi viwili vya moshi. Moshi hufuka, na mtu hufukiza. Kinachofuka hufuka chenyewe, pasi na kuulizwa, kinachofukizwa kimekusudiwa. Chetezo kikitiwa makaa na udi, moshi wake hupelekwa kwenye nguo, kwenye nywele, kwenye chumba cha bibi harusi, na ukimfikia jirani hahesabu kuwa amedhulumiwa. Huupokea kama habari: kwa fulani kuna shughuli. Pua ya Mswahili haikuuchukia moshi kwa kuwa ni moshi. Iliuliza kwanza kama umetumwa au umetoroka.

Wanazuoni waliosomwa pwani hawakulisahau jambo hili. Imepokewa kwamba miongoni mwa haki za jirani ni kutomuudhi kwa harufu ya chungu chako isipokuwa umchotee. Watu wa Hadithi wameona udhaifu katika isnadi yake, lakini desturi iliipokea bila kungoja hukumu yao, na sahani iliyofunikwa ikapita mlango kwa mlango jioni nyingi. Moshi unaofuatwa na sahani ni moshi uliolipiwa. Desturi hiyo, hata hivyo, ina masharti yake: watu wawe wanajuana, wawe watakaa pamoja miaka, na mwenye chungu awe na cha kuchota.

Nyumba ya pwani iliposafiri kwenda bara haikusafiri na masharti hayo. Katika karne ya 19 misafara ya Pangani na Tanga ilipita chini ya milima ya Upare ikienda Taveta na Kilimanjaro, na Gonja ilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Baadaye ilikuja reli ya Wajerumani, iliyoanza Tanga mwaka 1893 ikapita upande wa pili wa milima, kwa Same na Makanya, hata ikafika Moshi mwaka 1911, ikiwa, kwa haki kabisa, inafuka moshi. Kwa njia hizo nyumba ya Kiswahili ilienea: ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, baraza mbele, ua nyuma, na katika ua jiko na choo. Ndiyo nyumba inayoonekana hadi leo katika vituo vya biashara vya tambarare, Maore ikiwamo. Pwani ilikuwa nyumba ya ukoo, ambamo mjomba alipewa chumba na mwana aliyeoa akapewa kingine. Bara, mbele ya wasafiri, makarani na vibarua, ilionekana upesi kuwa umbo lake ni umbo la biashara: milango sita, kodi sita.

Na hapa inafaa kuyasimamia maneno mawili. Kodi, kwa Kiswahili, ni ile anayotozwa mtu na serikali na ni ile anayotozwa na mwenye nyumba. Lugha haikuona haja ya kuzitofautisha. Wajerumani walipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898 waliihesabu kwa vibanda, si kwa vichwa, na mtu wa Upare akajua kwa mara ya kwanza kwamba kulala chini ya paa kunaweza kudaiwa fedha. Ili kuipata fedha hiyo wengi walishuka kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, ambako walilazwa katika kambi zilizojengwa kwa safu, chumba kikiegemea chumba, kuni zikiwaka mlangoni pa kila mmoja. Neno la pili ni kupanga. Mwenye kupanga huweka vitu katika utaratibu wake. Mpangaji wa chumba, kinyume na jina lake, ndiye mtu asiyepanga kitu. Hakuchagua dirisha litazame wapi wala jiko likae wapi. Hakumchagua jirani.

Visiwani wasomaji wanakumbuka kwamba mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo, wanawake wakiwa mbele, waligoma kulipa kodi ya viwanja walivyojengea vibanda vyao, na serikali ya kikoloni ikatikisika. Kodi iliwatoa watu barabarani. Moshi wa vibanda hivyo hivyo, vilivyosongamana makuti kwa makuti, haukumtoa mtu. Si kwamba haukuumiza. Kodi ina mtu wa kumwendea na mlango wa kuusukuma. Moshi hauna mlango, na aliyeuwasha mara nyingi ni maskini mwenzio.

Kuna jambo la ujenzi ambalo bila ya kulielewa hadithi hii haieleweki. Katika nyumba ya vyumba sita isiyo na dari, kuta za ndani hazifiki paani. Hupanda hadi usawa wa ukuta wa nje na kukoma. Juu yake, baina ya kichwa cha ukuta na mgongo wa paa, pana uwazi mmoja unaovifunika vyumba vyote. Kwa hivyo mpangaji anacho chumba chake hadi kimo cha mtu na nusu. Juu ya hapo wote wamo chumba kimoja. Mnong'ono hupita huko, kilio cha mtoto hupita, ugomvi wa mke na mume hupita, na moshi hupita kwa wepesi kuliko vyote. Paa lilipokuwa la nyasi au makuti, sehemu kubwa ya moshi ilijichujia juu na kuondoka. Bati lilikuja na fedha za kahawa na mkonge, likaonekana, na kwa haki, kuwa ni maendeleo: halivuji, halishiki moto, halibadilishwi kila miaka michache. Lakini bati halipumui. Moshi unaoligonga hurudi chini, hutafuta penye hewa, na njia iliyo karibu ni juu ya ukuta, kwa jirani. Mtu akiuona moshi unashuka kutoka juu ya kitanda chake hudhani kuwa jirani ameuelekeza makusudi. Wengi wamekosana kwa dhana hiyo, na aliyeuelekeza ni bati.

Je, sheria ilisema nini? Sheria zilizofika Afrika Mashariki zilisema, tena kwa muda mrefu, na inastahili kuzisikiliza kwa makini, kwa kuwa kila moja iliuliza swali lile lile kwa lugha yake.

Kitabu kilichotegemewa na makadhi wa Kishafii wa pwani ni Minhaj cha Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Mahakimu wa kikoloni wa Unguja nao walikitumia, katika tafsiri ya Kiingereza iliyochapishwa London mwaka 1914, ambayo ilitolewa katika Kifaransa na wala si katika Kiarabu. Wafasiri wanajua ni mangapi huanguka njiani kwa safari ya namna hiyo. Katika mlango wa ardhi na matumizi yake, Nawawi anashika kauli iliyo sahihi zaidi kwake: mwenye nyumba iliyozungukwa na makaazi ya watu anaweza kuigeuza kuwa hamamu au zizi, na mwenye duka katikati ya wauza nguo anaweza kuligeuza kuwa karakana ya mhunzi, mradi achukue tahadhari na aziimarishe kuta. Msomaji wa leo hushtuka. Hamamu ni tanuri na mhunzi ni moshi, na jirani anaambiwa avumilie kwa kuwa kuta ni imara! Lakini hoja yake iko wazi: kila mtu ni mtawala wa milki yake, na kikomo chake ni kutoidhuru milki ya mwenziwe.

Wamaliki waliliona jambo hilo kwa jicho jingine. Katika karne ya 14 huko Tunis palikuwa na fundi mwashi, Ibn al-Rami, aliyekuwa akiitwa na kadhi kwenda kukagua kuta, madirisha na mifereji iliyogombewa, naye akaandika kitabu cha hukumu za majengo. Kwa wanazuoni wa madhehebu yake, moshi wa jiko na tanuri la nyumbani hauzuiliki, kwa sababu watu hawaishi bila kupika. Moshi wa hamamu na wa tanuri za biashara huzuiwa ukimdhuru jirani aliyetangulia. Ni mgawanyo wa mtu aliyeingia uani akapikicha macho yake mwenyewe. Umetambua kitu ambacho hamu ya kutunga kanuni moja hukisahau: kuna moshi wa lazima na kuna moshi wa faida. Bahati mbaya madhehebu ya pwani yetu hayakuwa hayo. Na hata yangalikuwa hayo, yangalikwama mbele ya mama wa chumba cha pili, ambaye kwa moto ule ule huwapikia wanawe na hukaanga vitumbua vya kuuza alfajiri.

Kisha wakaja Waingereza. Sheria yao ya desturi ilipokewa Tanganyika kwa hesabu ya siku ya 22 Julai 1920, na ndani yake mlikuwa na kanuni kongwe ya kero baina ya majirani. Katika kesi ya William Aldred ya mwaka 1610, aliyelalamikia banda la nguruwe lililojengwa kando ya nyumba yake, majaji walikubali kwamba hewa safi ni haki ya kudaiwa, ingawa mandhari nzuri siyo. Mtu angedhani mpangaji wa Maore amepata silaha. Lakini kero hiyo ilihesabiwa kuwa ni dhara kwa ardhi, si kwa pafu. Mwaka 1907, katika kesi ya Malone, mwanamke aliyeumia kwa sababu ya mtikisiko wa mashine ya jirani aliambiwa na mahakama ya Uingereza kwamba hana dai la kero, kwa kuwa hakuwa na haki yoyote katika nyumba aliyokaa. Alikuwa mke tu wa mtu aliyeruhusiwa kukaa. Baraza la Malordi lilirudia msimamo huo mwaka 1997, katika shauri la wakaazi wa London waliosumbuliwa na jengo refu na vumbi la ujenzi wa barabara. Mwenye jina katika mkataba anaweza kusimama. Mke, mtoto na bibi mzaa mama aliyekuja kutibiwa, ambao ndio wanaoshinda chumbani mchana kutwa, hawana pa kusimamia.

Ipo pia Kanuni ya Adhabu, iliyoanza kutumika Tanganyika mwaka 1930 kwa mfano uliotoka mbali, Queensland ya Australia. Inayo kosa la kuichafua hewa. Lakini hewa inayolindwa ni ya watu kwa jumla, wakaao au wafanyao kazi jirani au wapitao njia. Kiwanda kinaweza kuingia humo. Figa moja na kifua kimoja ni vigumu kuingia.

Nawawi aliuliza milki ni ya nani. Majaji wa Uingereza waliuliza ardhi ni ya nani. Kanuni ya Adhabu iliuliza watu ni wangapi. Swali la nani anavuta hewa hii, na usiku atalala wapi, halikuulizwa na yeyote katika hao, nalo ndilo swali pekee alilo nalo mpangaji.

Uhuru ulibadili ramani ya vijiji kuliko ulivyobadili sheria ya moshi. Operesheni ya kuwahamishia watu vijijini, iliyofikia kilele chake kati ya 1973 na 1976, iliwatoa Watanzania Bara wengi katika maboma yaliyotawanyika ikawapanga kwa safu kando ya barabara, karibu na shule, zahanati na bomba. Yaliyosemwa kuhusu operesheni hiyo ni mengi, mema na mabaya; moshi haukutajwa, lakini ule upana wa migomba ulikwisha hapo.

Katika tambarare ya Gonja jambo lililoleta wapangaji zaidi ni mpunga. Jirani na Maore, huko Ndungu, serikali kwa msaada wa Japani ilijenga skimu ya umwagiliaji ya hekta 680, ikakamilika mwaka 1990. Mpunga unahitaji mikono: ya kupandikiza, ya kufukuza ndege, ya kuvuna, ya kukoboa, na mikono hiyo hulala mahali. Ongeza walimu, wauguzi, wachuuzi washukao na tangawizi kutoka Mamba na Miamba, madereva na makondakta. Chumba cha kupanga kikawa sehemu ya kilimo kama jembe lilivyo. Baada ya mavuno yapo pia majani ya mpunga na pumba, na pumba hufukuta polepole siku nyingi, hasa zikitumiwa kuchomea matofali.

Kuni nazo zina historia yake. Mkomazi, iliyokuwa pori la akiba tangu 1951, sasa ni Hifadhi ya Taifa, na wafugaji waliokuwa wakiishi humo waliondolewa mwaka 1988. Anayeokota kuni kwa mguu huokota kilichobaki nje ya mpaka: vijiti vibichi, magunzi, vichaka. Na chungu kinachongojwa ni makande. Asiyewajua Wapare na adhani kuwa hilo ni jambo dogo. Mahindi makavu na maharage hayaivi kwa dua, huchukua saa nyingi, na kuni mbichi chini yake hufuka kutoka adhuhuri hadi magharibi. Mwenye haraka huwashia moto kwa kipande cha rambo. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, lakini plastiki za kuwashia hazijakwisha, na moshi wake mweusi ni wa namna ambayo msonge wa kale haukuwahi kuuona.

Mkaa ulidhaniwa kuwa suluhu. Kwa kweli ulimtoa mpishi machozi ya macho, ukaleta hatari nyingine: gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu usingizini pale jiko linapoingizwa chumbani usiku wa baridi na mlango ukafungwa. Mvua ikinyesha, na jiko la uani likiwa limejaa maji, wapangaji wote huyaingiza majiko yao ukumbini, na ukumbi ule mrefu huwa bomba la moshi lililolazwa chini. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi wa kupikia uliwaua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Tanzania ilizindua Mei 2024 mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, ukilenga kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034. Ni mkakati mwema. Tatizo la nyumba ya kupanga ni kwamba mtungi wa gesi wa chumba cha tatu hauyazimi mafiga ya chumba cha pili, na aliyenunua mtungi kwa kujinyima huendelea kukohoa pamoja na asiyenunua.

Moshi wa tumbaku uko katika mkumbo huo huo. Upare Kusini ilifikiwa na Waadventista tangu mwaka 1903, na miongoni mwao kuvuta tumbaku ni haramu ya dini. Kwa hivyo si ajabu chini ya bati moja kulala mtu asiyegusa sigara maishani mwake na mwingine asiyelala bila ya moja. Sheria ya bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 iliwakataza wavutaji katika sehemu za umma zilizotajwa. Uwazi ule wa juu ya kuta hauhesabiwi kuwa ni sehemu ya umma, na kwa hakika si wa faragha pia. Haujapewa jina.

Basi watu hufanya nini? Kwanza husema kwa mafumbo. Haendi mtu kumwambia jirani, "Moshi wako unaniua." Humwambia, "Mama, kuni za leo zimeloa, eeh?" naye mama hujibu, "Zimeloa, mwanangu, na hizo ndizo zilizopatikana." Mazungumzo yamekwisha, malalamiko yamefika, jawabu limefika, na hakuna aliyetukanwa. Yakishindikana hayo, huendewa mwenye nyumba, ambaye aghalabu hukaa kwingine na haupati moshi huo. Jawabu lake ni kwamba chumba kina wanaokingoja. Kisha yupo balozi wa nyumba kumi, cheo kilichoanzishwa na TANU baada ya uhuru, ambacho kwa sheria ni cha chama na kwa desturi ni cha kila kitu. Balozi hodari ameweza kufanya ambacho mahakama haikuweza: jiko lisogezwe upande ambao upepo wa usiku unatokea kwa mgongo wa nyumba, magogo yaanikwe, vitumbua vikaangwe barabarani badala ya ukumbini. Juu yake lipo baraza la kata, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1985 kwa ajili ya usuluhishi wa mambo kama haya. Huko mlalamikaji huombwa ushahidi, naye hana cha kuonyesha isipokuwa ukuta wenye masizi, na masizi hayana sahihi.

Walio wengi hawafiki huko. Hushona magunia wakaziba uwazi wa juu, na joto la Maore likawalazimisha kuyatoa, hutundika kanga, humlaza mtoto barazani hadi moto uishe. Mwisho wa mwezi hulipa, hufunga godoro kwa kamba, hutafuta nyumba nyingine ya vyumba sita kando ya njia iendayo Ndungu. Dalali huanza kusifu: bati jipya, sakafu ya saruji, maji hayako mbali. Mpangaji mzoefu humwacha amalize, hainui macho kutazama bati wala hainami kutazama sakafu. Huvuka ukumbi moja kwa moja hadi uani, husimama katikati, akageuza uso taratibu kama anayenusa mvua, kisha huuliza mafiga hukaa upande gani, na kuna wangapi wanaopika makande.